Baridi ya Mushaki, joto la Minova

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa tereni mbele ya wanachama na wahisani wa chama chetu, Goma, kabla ya musimu A. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa.)

  

Katibu aliniomba niwaelezee safari ya siku nne tuliyofanya kwenye barabara mbili: ile inayopanda Mushaki kuelekea Masisi, na ile inayofuata ziwa hadi Minova na mbele yake. Alinipa dakika ishirini. Kumpa mtu wa tereni dakika ishirini azungumze juu ya barabara ni kumwonea, lakini nitajaribu.

Tuliporudi tulituma picha kwa wahisani. Mmoja wao akajibu, kwa roho nzuri kabisa: mahali pazuri hivi, watu wanakosa nini? Nilikaa na lile swali siku kadhaa. Kusema kweli picha zilikuwa nzuri. Milima ya kijani mpaka juu, ng'ombe wametawanyika kama mawe, ukungu umekaa bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu. Watu wanaiita Masisi Uswisi ya Afrika, na sisi wenyewe hatukatai, tunafurahi. Lakini picha zile ukiziangalia vizuri zinajibu swali zenyewe. Kijani kile ni mvua na baridi. Majani yale ni ya ng'ombe, na ng'ombe ana mwenyewe. Na ule ukungu, kuna mtoto analala ndani yake.

Mchana wa leo mtapiga kura juu ya mzigo wa kurudi: tununue mzigo wa namna moja kwa familia zote kama mwanzo, ama tuugawanye kufuatana na kule mtu anakoenda. Mimi sina kura. Nitasema tu tulichoona.

Tuanzie hapa Goma. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Ukipanda mita 1,000, hewa inapoa karibu digri sita. Hesabu hiyo muiweke mfukoni, tutaihitaji.

Toka Goma kwenda Sake ni karibu kilomita 25, na karibu njia yote unakanyaga mawe ya volkano. Hapa mjini tunaongea sana Nyiragongo, juu ya 17 Januari 2002 ilipokata mji katikati na kufika ziwani, na juu ya 22 Mei 2021 moto uliposimama kwenye mlango wa mji. Upande wa Sake mwenye kazi ni Nyamulagira. Kati ya 1938 na 1940 moto wake uliteremka mpaka ndani ya ziwa ukafunga ghuba ya Kabuno, ukaacha mwanya mdogo tu. Wazee wa Sake wanaonyesha mahali kwa kidole kama vile walikuwepo.

Mugunga, Lushagala, Bulengo: hayo majina sina haja ya kuwaeleza. Wengi wenu mlilala pale. Kambi zilivunjwa Februari 2025, na leo ukipita unaona mawe meusi yamepangwa kwa mviringo pale palipokuwa vibanda, na majani yanaanza kuota katikati. Kwenye mawe yale huwezi kulima, na choo huchimbi hata ukiwa na nguvu ya watu kumi. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wangebaki tu karibu na mji, ninamwomba achukue jembe ajaribu.

Neno moja juu ya mazuku kabla hatujapita, sababu kuna familia zinarudi pembeni ya ziwa kati ya Goma na Sake. Ni ile hewa nzito inayotoka chini ya ardhi na kujilaza kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupo. Haina rangi. Inaua mbuzi kwanza, kwa sababu mbuzi kichwa kiko chini, na mtoto vilevile. Ukitelemsha moto wa kiberiti ndani ya shimo ukazimika, toka. Mjenge juu, hata kama maji yako mbali kidogo. Wazee wanajua mahali pote. Waulizeni kabla ya kupiga mti wa kwanza.

Sake ni njia panda. Kulia unapanda mlima, kushoto unafuata ziwa. Februari 2024 vita vilifika pale, barabara ya Minova ikakatika, na mnajua Goma ilivyokula mwaka ule. Sitasema nani alimpiga nani. Kazi yetu haituruhusu, na ninyi mnajua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba nyumba nyingi za Sake zimebaki na kuta bila bati, na mwenye bati moja amefunika chumba kimoja, familia yote iko mule.

Sisi tulianza na kulia.

Kupanda Mushaki gari linaanza kulia kabla ya abiria. Kona juu ya kona. Ukigeuka nyuma ziwa lote liko chini yako, Idjwi inaelea kama mtumbwi uliopinduliwa, na moshi wa Nyiragongo umesimama upande wa pili. Shofere wetu alisimama apige picha, na shofere yule amepita pale miaka. Tulipofika juu kila mtu alitafuta jaketi. Vijana wawili tuliowabeba nyuma walikuwa na fulana za mpira, za mikono mifupi. Mmoja aliingiza mikono yote miwili ndani ya fulana, akabaki bila mikono mpaka Matanda.

Pale uko zaidi ya mita 2,000. Rudini kwenye ile hesabu: umepoteza digri tatu, nne, na ukiendelea kupanda, zaidi. Mtu wa Ulaya atacheka, kwake hiyo si baridi. Lakini kwake kuna dirisha, mlango na godoro. Huku mtu aliyerudi ana shitingi. Shitingi ya kambi ni ya mwaka mmoja, mwaka na nusu kama Mungu amependa, na ile aliyobeba tayari imetobolewa na jua la Bulengo. Juu kule kuna upepo, na kuna mvua ya mawe. Usiku maji yanajishika chini ya shitingi na kudondoka juu ya watu waliolala, bila mvua yoyote, ni pumzi yao wenyewe inayowarudia. Kwenye kituo cha afya tulichopita muuguzi alituambia kwamba kambini watoto waliletwa na kuhara na malaria. Sasa wanaletwa na kifua. Ugonjwa umebadilika kwa sababu urefu wa mlima umebadilika.

Bulangeti moja kwa familia ya watu saba, kama tulivyogawa mara ya kwanza, kule Mushaki ni mzaha.

Sasa shamba. Kati ya Mushaki, Matanda na Bihambwe udongo ni mweusi, mzito, unatamani kuula. Unaona birayi, maharagi yaliyopanda miti, shu, karoti, mahindi. Unaona fromaji, zile gurudumu za njano zinazoteremka Goma na kuuzwa pembeni ya barabara. Ndicho chakula cha ile picha. Lakini huoni mihogo, au unaiona mara moja moja ikiwa imedumaa. Mihogo ni mtoto wa joto. Juu ya mita 1,800 inaanza kuchelewa, na ukizidi kupanda inakaa ardhini muda mrefu bila kutoa kitu cha maana.

Nasema hivyo kwa sababu huko Matanda tulimkuta mama mmoja aliyepewa mabuture ya mihogo. Aliyapewa na shirika moja, si sisi, na silitaji. Aliyapanda yote, kwa nidhamu, kwa mistari. Akatupeleka tuyaone. Majani mazuri! Akasema: "Huu muhogo wenu ni muti ya maua. Ninakula sombe, bugali itatoka wapi?" Tukacheka naye, lakini yule mama alipoteza musimu mzima. Na siku tatu baadaye, chini karibu na Minova, tulikutana na baba aliyepewa mbegu za birayi. Yeye hakusumbuka kupanda. Alizipika. Mimi nisingemlaumu: udongo wake, pembeni ya ziwa, haukuomba birayi, na watoto waliomba.

Juu ya birayi kuna hesabu nyingine inayowahusu wahisani moja kwa moja. Hekta moja ya birayi inataka kama tani mbili za mbegu. Kwa hiyo gunia la kilo 50, linalomvunja mtu mgongo, linapanda ari mbili na nusu tu, yaani mraba wa hatua kumi na sita kwa kumi na sita. Maharagi ya kupanda miti, kilo tano zinakwenda karibu ari nane. Mnaona tofauti? Ukitoa birayi, pesa inakwenda kwa kamyo. Ukitoa maharagi, pesa inakwenda kwa mbegu. Lakini maharagi yale yanataka vijiti vya mita mbili, na miti ya karibu ilikatwa yote ikawa makala wakati wa vita. Watu wanavitafuta mbali, wengine wanavikosa na kuyaacha yatambae chini, na yakitambaa yanaoza kwa mvua.

Baridi ina faida yake pia, tusiionee. Mbegu ya birayi kule juu inatunzika vizuri mpaka musimu unaofuata, kama imewekwa juu ya vichanja, kwenye mwanga mdogo, haifunikwi. Hapa Goma ingeota haraka na kunyauka. Ndiyo maana wazee wa Mushaki walitupa wazo: chama kitoe mbegu mara moja, na kila familia ikivuna irudishe kilo zilezile kwa familia inayofuata kurudi, bila kupitia Goma, bila kulipa barabara mara mbili. Naona ni wazo zuri kuliko mengi tunayoandika ndani ya ofisi.

Barabara, basi. Wakati wa mvua kamyo ikilala kwenye tope la Mushaki, nyuma yake zinajipanga nyingine, na birayi zinaoza zikiwa zinatazamana na ziwa. Motari anapita, lakini motari anabeba gunia moja kwa bei ya tatu. Na kuna baryeri. Siko hapa kuhesabu baryeri za mtu. Ninachojua ni kwamba mama anayeteremsha gunia analipa njiani mara kadhaa, na anayepandisha mbegu vilevile, na mwisho wa safari ile bei ya Goma na ile bei ya Mushaki haziongei tena.

Kuna suala la udongo wenyewe ambalo ninaligusa kwa vidole viwili tu. Masisi ina mashamba makubwa ya malisho ya tangu wakati wa Wabelgiji. Wengi wenu hamkuwa na shamba lenu. Mlikodi kwa mwenye ferme, mkalipa kwa siku za kazi ama kwa mavuno. Mlipokuwa kambini, mashamba hayakulala. Wengine wamekuta ng'ombe, wengine wamekuta mtu mwingine amelima, naye pia amekimbia kutoka kwake. Hapo chama kisitoe jembe kwanza. Kitoe muda: watu waketi na shefu wa lokalite, waandike karatasi hata ya musimu mmoja, mashahidi watie kidole, halafu jembe. Tuliona vijiji viwili waliofanya hivyo na wanalima. Tuliona kingine ambapo jembe lilitangulia, na pale niliondoka nikiwa na wasiwasi.

Haya, tuteremke.

Toka Sake kushoto ni dunia nyingine kabisa, na ni saa moja tu ya tofauti. Jaketi inatoka. Unapita Shasha, Kirotshe, Bweremana, mlima uko kulia kwako na maji kushoto, barabara imebanwa katikati. Migomba, miwa, mihogo, kahawa. Minova yenyewe iko Kivu ya Kusini, teritware ya Kalehe, lakini tumbo lake liko Goma tangu zamani. Asubuhi wavuvi wanaingia na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu inatoka mbele na nyuma, wanaimba mpaka wanafika. Sambaza wale si wa asili hapa, waliletwa toka Tanganyika mwaka 1959, na leo mtu wa Kivu atakuambia bibi yake alizaliwa akiwakuta.

Ziwa lile ni soko, ni barabara, ni kaburi. Barabara ya Sake ilipokatika, chakula chote kilipanda mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo, ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona toka nchi kavu. Walikufa makumi. Humu ndani kuna waliopoteza mtu siku ile, nami sitaongeza neno. Ila tukizungumza bei ya barabara, tukumbuke ile njia nyingine ilitoza nini.

Mtu anayerudi Minova hahitaji bulangeti tatu. Anahitaji neti ya mbu, kwa kuwa chini kule mbu yupo. Anahitaji mabuture ya mihogo yasiyo na ugonjwa, na mikamba ya viazi vitamu, sababu viazi vinatoka miezi minne, mihogo inaweza kuchukua mwaka, na katikati kuna matumbo. Mwenye kahawa anahitaji mkasi wa kukatia na msumeno: miti iliyokaa bila mtu miaka miwili imekuwa kichaka, ukiikata vizuri inarudi. Na migomba, jamani. Ule ugonjwa wa kunyausha ndizi ulionekana Masisi mwaka 2001 na ukateremka. Unasafiri kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa, halafu ukaenda kwa wa jirani na panga lilelile, umempelekea. Panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhama shamba. Hilo halihitaji mhisani, linahitaji makala mbili tatu.

Mbele ya Minova barabara inapanda tena, inaliacha ziwa, baridi kidogo inarudi, halafu inakuteremsha Nyabibwe. Kwenda hadi Bukavu toka Goma ni karibu kilomita 200, sisi hatukufika. Tuliishia Nyamukubi na Bushushu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko, mvua iliteremsha mlima juu ya vijiji vile, zaidi ya watu 400 wakafa. Mawe makubwa bado yako palepale yalipoachwa. Na katikati ya mawe, watu wanajenga. Niliuliza kwa nini hapa. Baba mmoja akanionyesha mlima nyuma yake, umenyooka kama ukuta, halafu akanionyesha ziwa. Hakujibu kitu kingine. Kwa familia kumi na moja za chama zilizotoka pale, naomba tusitoe bati kwanza. Tuwape muda na pesa ya kukodi upande wa juu ya bonde, mvua zikipita tuone.

Basi nitamaliza. Ninachopendekeza: mizigo miwili. Wa Mushaki uwe na bulangeti tatu, shitingi nzito mbili, mbegu ya birayi kilo 100 zinazorudishwa kwa jirani, maharagi kilo tano. Wa Minova uwe na neti mbili, mabuture, mikamba ya viazi, mkasi kwa mwenye kahawa. Jembe na sufuria kwa wote. Mzigo wa Mushaki utakuwa mzito zaidi na utagharimu zaidi kufika, na hapo najua patakuwa na maneno, mtu wa Minova atauliza kwa nini jirani yake amepata kingi. Aulizwe kama amelala Matanda hata usiku mmoja.

Wahisani wetu: mkiweza, ile sehemu ya usafirishaji msiifute kwenye bajeti. Mara nyingi njo inafutwa ya kwanza, na mbegu zinabaki Goma zikiota ndani ya depo.

Mvua za Septemba haziko mbali, na kamyo ya mbegu lazima iwe imepita kona za Mushaki kabla hazijakaza. Katibu ana listi mbili hapo mezani. Ambaye kijiji chake hakijaandikwa, ama kimeandikwa upande usio wake, aje sasa hivi kabla ya kura. Na wale wa Bushushu tubaki pamoja kidogo nje, chini ya mti.